Muulize Fundi: Mustang ya ami chini ya mwarobaini

Mwezi huu nimejibu barua tatu tu. Ya kwanza imekula nafasi ya wenzake. Walioniandikia kuhusu betri za Vespa wanisamehe, zamu yao inakuja.

Assalaam aleykum Fundi. Mimi ni muuguzi, nakaa Kiembe Samaki. Ami yangu alifariki mwaka juzi, na kiwanjani kwake Bububu kuna gari aina ya Ford Mustang ya milango miwili ambayo haijaguswa tangu 2003. Imekaa chini ya mwarobaini, nusu yake ndani ya banda la makuti ambalo lenyewe limeshalala upande. Nyumbani tumekua tukiambiwa kwamba aliinunua kwa Wamarekani wa kile kituo cha Tunguu, siku walipokuwa wanafunga virago. Usukani uko kushoto. Nilipofungua mlango wa dereva niliona kibao kidogo cha chuma kimepigwa ribiti, na chini yake kibandiko cha kubadilisha oili kilichoandikwa Kiarabu. Namba kwenye kibao inaanza 6R07T, na pembeni imeandikwa 14C. Rangi ni nyeupe, au ilikuwa.

Nataka itembee. Mdogo wangu anaolewa Disemba ya mwakani na nimemuahidi atatoka ukumbini ndani ya gari hiyo. Kaka zangu wana yao. Mmoja anasema iwekwe V8, injini ya silinda 8, mwengine anasema tutoe injini tuweke ya Mark II tuachane na tabu, na wote wawili wanataka rimu za inchi 20 na AC. Fundi rangi wa mtaani kaniambia nimpelekee yeye kwanza, baada ya wiki 3 itang'ara. Nianzie wapi, na pesa niigawe vipi? Jambo jengine, gari inanuka ndani, na zulia upande wa dereva limelowa ingawa mvua haijanyesha siku mbili.

Waaleykum salaam, mwanangu. Mungu amrehemu ami yako. Umeandika V8, umeandika rangi, umeandika rimu, lakini kilichonikamata mie ni hilo zulia. Nitalirudia. Kwanza tumalize habari ya Tunguu, maana najua ukoo mzima utaisoma safu hii.

Kituo kilikuwepo kweli. Wamarekani walikijenga kwa ajili ya mpango wao wa Mercury, wakifuatilia vyombo vyao vya angani vikipita juu yetu. John Glenn alipoizunguka dunia mara 3 tarehe 20 Februari 1962, Unguja ilikuwa moja ya vituo vilivyokuwa vikimsikiliza. Mapinduzi yakaja 12 Januari 1964, na mwaka huohuo kituo kikafungwa. Sasa tazama. Mustang ilizinduliwa huko kwao Marekani tarehe 17 Aprili 1964, na ya ami siyo hata ya mwaka huo. Ile 6 ni mwaka wa modeli, 1966. R ni kiwanda cha San Jose, California. 07 ni bodi ya milango miwili yenye paa la bati, ile wauza magari wanayoiita "kupe" (mie kupe ninayemjua ni wa ng'ombe). T ni injini ya silinda 6, ile ya inchi za ujazo 200, yaani kama lita 3.3. Na 14C ni siku iliyopangiwa kuundwa: A ni Januari, C ni Machi, kwa hiyo 14 Machi. Siku hiyo ya mwaka 1966 Tunguu hakukuwa tena na Mmarekani wa kuiuza.

Kibandiko cha Kiarabu ndicho kinachosema kweli: gari imepita Ghuba. Waulize wazee ni nani aliyekuwa baharini au Dubai miaka hiyo, utapata hadithi nzuri zaidi kuliko ya Tunguu. Ila usikiamini sana kibao cha mlangoni, maana mlango ukibadilishwa namba inaondoka nao. Fungua boneti, tazama bati la ndani juu ya tairi la mbele kushoto, pale madigadi ilipokatwa kidogo. Namba imegongwa humo. Pangusa kwa kitambaa na mafuta ya taa, usikwangue kwa msasa, na ulinganishe herufi kwa herufi.

Halafu, kabla hujanunua hata nati moja, hiyo gari ni ya nani? Ami kafariki, mali ina warithi, na wewe ni binti wa kaka yake. Kama mirathi haijagawiwa, nendeni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana mkamalize, upate karatasi, na kadi ya gari ihamishwe. Nimewahi kuona pikapu imefufuliwa kwa miaka miwili, siku inawaka akaja mrithi mmoja kutoka bara akaidai, na haki ilikuwa yake. Ukiwa kwenye ofisi inayohamisha kadi uliza pia wanasemaje kuhusu usukani wa kushoto na ukaguzi, wakujibu kwa maandishi.

Sasa zulia.

Chini ya wipa, mbele ya kioo, kuna bati lenye matundu membamba kama ya chujio. Hewa ya ndani ya gari inaingilia pale. Chini ya matundu hayo kuna mfereji uliofunikwa, umechomelewa pande zote, huwezi kuuona wala kuingiza mkono. Ndani ya mfereji vimesimama vishingo viwili vya bati, kimoja upande wa dereva na kimoja upande wa abiria, vinavyopeleka hewa miguuni. Maji ya mvua yanatakiwa yapite kando ya vishingo, yaende mwisho wa mfereji kulia na kushoto, yamwagikie nyuma ya madigadi mpaka chini. Kwa miaka 20 na ushei mwarobaini umekuwa ukidondosha vijani vyake juu ya matundu yale. Jani la mshelisheli lisingepita. La mwarobaini linapita kama lilipimiwa. Limeingia, limeoza, limekuwa udongo, na udongo unakaa na maji kama mtungi. Kutu inaanzia kwenye kitako cha kishingo, na siku kinapoachana na bati, mvua yote inayoangukia kioo cha mbele inakuja kwenye mguu wa dereva. Ndiyo maana zulia limelowa bila mvua: udongo unaendelea kuchuruza.

Fanya hivi Jumamosi asubuhi. Toa zulia na magodoro yake, utupe, hayana faida. Panguza bati la chini likauke kabisa. Wewe lala chali, kichwa chini ya dashibodi, tochi mkononi. Mwambie kaka mmoja, yule wa V8, asimame nje na kopo la lita moja, amimine taratibu kwenye matundu upande wa kushoto. Asimwage kama anaosha ngazi. Hesabu. Ukiona maji yanatoka nje chini nyuma ya tairi la mbele na ndani pakavu, mshukuru Mungu. Ukiona yanafuata ukuta ndani yakidondokea kwenye pedali, umepata jibu. Kisha upande wa kulia vilevile. Niandikie kilichotokea, mie nishaweka dau langu.

Maji yakiingia, dawa ni moja, na ni kazi. Madigadi mbili zinatolewa, madoa yote ya kuchomelea yanatobolewa moja moja, bati la juu linanyanyuliwa, la chini linabadilishwa au kishingo kinatengenezwa upya. Mtu atakuja na vifuniko vya plastiki na gundi, atakwambia dakika 10. Vinasaidia msimu mmoja, wala havimzuii kutu kula pembeni. Bahati yako ni kwamba Mustang si gari adimu. Za modeli ya 1966 peke yake zilitengenezwa zaidi ya laki 6, na mpaka leo watu wanachapa upya mabati yake, sakafu, mfereji, raba, hata herufi za buti. Unaagiza, inafika ikiwa kwenye boksi. Sijui gari ya Kijapani ya 1966 ambayo ningeweza kusema hivyo.

Ukimaliza mfereji shuka chini na bisibisi butu. Gari hii haina chesisi ya kujitegemea kama Land Rover. Bodi yenyewe ndiyo uti wa mgongo. Gonga sakafu, gonga maboksi yaliyo pembeni ya sakafu mbele ambako bodi inaungana na mihimili, gonga mihimili ya nyuma juu ya ekseli. Sauti ikiwa "ti" ni bati, ikiwa "pu" ni kutu iliyopakwa rangi. Kisha fungua mlango taratibu uone kama unashuka unapoachia. Kama unashuka, na bawaba ni nzima, basi bodi imeanza kulegea, na fundi hatakiwi kukata sakafu kabla hajafunga bomba la chuma kutoka nguzo ya mlango hadi nguzo. Asipofunga, mlango hautafungika tena mpaka Kiyama. Na asitumie mashine ya vijiti ya kuchomelea mageti. Itatoboa bati kama moto wa sigara kwenye kanga. Itafutwe ya waya na gesi, na mkono mwepesi.

Huyo fundi rangi wako wa wiki 3 simlaumu, anauza anachokijua. Mie mwenyewe niliwahi kuwa yeye. Nilipewa pikapu, nikaipiga pati, nikaipiga msasa mpaka mikono ikaota malengelenge, nikaitoa nyekundu ya kung'aa kama tufaa. Mwenyewe alilipa na akaniletea halua. Masika hayajafika katikati, alirudi nayo imejaa vipele chini ya kioo, ukikibonyeza kipele kinatoa maji ya kahawia. Kutu nilikuwa nimeifungia ndani na unyevu wake. Nilimrudishia nusu ya pesa. Halua nilikuwa nishaila.

Kwa hiyo rangi itangoja misimu. Kiangazi cha Januari na Februari kata mabati, chomelea, funga. Usiache bati tupu usiku mmoja katika hewa yetu, na usitumie praima ya kawaida ukadhani imelindwa. Praima ile inanyonya maji. Weka ya epoksi. Masika yakiingia, tia vioo na raba mpya, acha ndani pakiwa patupu bila zulia, iegeshe uwanjani inyeshewe. Masika ndiyo mkaguzi wangu, hapokei chai. Kila asubuhi chungulia sakafu. Kitakachovuja kirekebishe hapohapo. Kipupwe kikija, Juni hivi, hewa imekauka, hapo ndipo umpelekee fundi rangi wako, na sasa hizo wiki 3 zake nampa. Ami aliiacha nyeupe. Kibao cha mlangoni kitakuwa na herufi ya rangi, na kama ni M basi ilitoka kiwandani nyeupe. Irudishie.

Injini. Usimruhusu mtu yeyote kuunganisha betri na kupiga stata. Injini iliyolala tangu 2003 ina kutu kwenye kuta za silinda, na stata itavunja ringi kabla hujasema bismillahi. Toa plagi zote 6, zipange kwa mfululizo, kila moja itakuambia silinda yake ikoje. Mimina oili nyepesi kidogo katika kila tundu, iache siku 3 au 4, kisha zungusha kwa mkono, spana kwenye boliti ya puli ya mbele. Ikisogea hata nusu inchi, furahi, rudi kesho. Isiposogea, usininginie na bomba, hedi itatolewa. Mafuta ya tangini ni ya 2003, yamekuwa varnishi, yatoe yote. Na jua hili: katika gari hii paa la tangi ndilo sakafu ya buti. Usipoziba vizuri kingo zake harufu ya petroli itakaa na biharusi.

Ukitoa hedi, mwambie fundi wa kukereza aweke viti vigumu vya valvu za eksozi. Injini za zamani zile zilitegemea risasi iliyokuwamo ndani ya petroli kulinda viti hivyo, na petroli ya risasi Afrika yetu ya kusini mwa Sahara iliiaga mwanzoni mwa 2006. Kama hedi haina sababu ya kutoka, iache. Kwa mwendo wa Bububu na Forodhani haitakufa kesho.

V8? Kaka yako anadhani injini inakuja peke yake. V8 inakuja na ukoo. Gari yenu ilitoka na silinda 6, kwa hiyo ina boliti 4 za tairi, ina difu nyembamba, ina dramu za mbele za inchi 9, springi laini na mikono ya usukani iliyo miembamba kuliko ya mwenzake. Ya V8 ina boliti 5, difu nene, dramu za inchi 10, springi nyengine, rejeta kubwa. Ukibadilisha injini bila ukoo wake, umempa mtoto panga. Ukibadilisha ukoo wote umenunua gari ya pili. Na utakwenda nayo wapi? Mjini mpaka Nungwi hazizidi sana kilomita 60, tena na matuta. Hiyo 6 ina bearingi 7 za kreki, ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 120, na haikasiriki. Ya Mark II inaingia, nimeona mafundi wakiingiza injini yoyote ndani ya chochote, lakini utakata minara ya springi au sinia ya oili, utaleta waya na kompyuta, na mwisho wake utakuwa na Mark II isiyo na milango ya nyuma. Hapana. Weka tu kifaa cha elektroniki ndani ya distribyuta, ile inayogawa moto kwenye plagi, badala ya pointi, na pointi za zamani uzitie katika droo ya dashibodi, siku ya siku.

Pesa ya V8 ipeleke kwenye breki, na hapa sibembelezi. Mustang ya 1966 ina masta silinda ya chumba kimoja. Paipu moja ikitoboka, gurudumu lolote, pedali inakwenda mpaka chini na breki zote 4 zimekwenda. Za 1967 zilikuja na vyumba viwili, mbele na nyuma mbalimbali, na masta ya namna hiyo inafungika kwenye yako kwa paipu mpya na mabano. Badilisha paipu zote za chuma, hozi zote za raba, wili silinda zote. Diski za mbele ni nzuri ukiwa na uwezo. Zipo seti zinazotengenezwa kwa hii ya boliti 4, ila ulizia kama zinaingia ndani ya rimu ya inchi 14 kabla hujalipa. Na oili ya breki inanywa unyevu wa hewa. Kwingine wanabadilisha kila miaka miwili. Unguja nabadilisha kila mwaka.

Rimu za inchi 20 waambie kaka zako wazifunge kwenye gari zao. Nafasi ya boliti zako 4 ni inchi 4 na nusu, yaani milimita 114.3, na gari kadhaa za Kijapani za zamani zina nafasi hiyohiyo. Kwa hiyo hata hapa kisiwani rimu ya 14 utaipata, mradi upime tundu la katikati na uhakikishe tairi haligusi madigadi ukikata kona. Spana ndiyo mtihani. Mafundi wote wa leo wana za milimita. Spana 13 inaingia kwenye nati ya nusu inchi, lakini nusu inchi ni milimita 12.7, inacheza, na ukivuta kwa nguvu inazilamba pembe za nati mpaka inakuwa mviringo. Nunua seti ya inchi, iweke ndani ya gari, isiazimwe.

Taa sasa, ambazo hakuna aliyezitaja. Taa za Marekani ukishusha mwanga zinatazama kulia, kwa sababu wao wanapita kulia. Kwetu kulia ndiko anakotoka mwenzako. Utampofusha kila dereva wa daladala njia nzima ya Bububu. Taa zako ni za duara, inchi 7, na taa ya Land Rover ya duara ya inchi 7 inayotazama kushoto inakaa palepale. Ukiweka za haloji, tia rilei, yaani swichi ya pembeni ya kubeba umeme mkubwa, maana umeme wote wa taa katika gari hii unapita ndani ya swichi ya dashibodi na itaungua. Pia funga kioo cha pembeni kulia. Ilitoka nacho kushoto tu, na wewe ukiwa umekaa kushoto hutamuona anayekuja nyuma yako kulia unapotaka kulipita gari la mbele.

Mikanda ya asili ni ya kiunoni. Weka ya bega kwa waliokaa mbele, ifungwe kwenye chuma cha kweli, kwa sababu nguzo ya usukani ya 1966 ni fimbo moja iliyonyooka, haijikunji ikigongwa.

AC iwe ya mwisho, na ikiwezekana isiwe mwaka huu. Itanyonya injini na itaongeza joto mbele ya rejeta. Rejeta yako ni ya shaba, inatolewa, inasafishwa, inatiwa risasi, inarudi mpya. Harusi Disemba, vuli haijaisha, mtakwenda mwendo wa kobe, ngoma mbele, watoto pembeni, Darajani imefunga. Hapo ndipo gari inapochemka, si kwenye mwendo wa 80. Siku hizo ndizo za kuipima: Novemba, saa 8 mchana, simama kwenye foleni nusu saa, mkono kwenye boneti.

Na biharusi umempimia? Gari ina milango miwili. Anayekaa nyuma anakunja kiti cha mbele, anainama, anapenya kwa ubavu. Mdogo wako na gauni lile, hina mikononi, kilemba, na shangazi wawili wanaosukuma. Nimeiona hiyo, na gauni lilibaki na grisi ya reli ya kiti. Mkalishe mbele, upande wa kulia, mlango wenyewe ni mrefu, atashuka kama malkia upande wa ukumbini mkiegesha vizuri. Shangazi wakae nyuma.

Kuhusu kugawa pesa: nusu nzima itakwenda kwenye bati na mfereji, na hutakuwa na cha kumuonyesha mtu. Robo ni breki, springi, bushi na tairi. Kilichobaki injini, waya, rangi na viti. Fedha zikikatika njiani, zikatike ukiwa na gari isiyovuja inayosimama, hata kama bado ni ya kijivu cha praima.

Fundi, mimi ni mama wa biashara, Mkoani, Pemba. Nina Suzuki Carry ya kubebea samaki. Nimeambiwa niipake oili chafu chini isipate kutu. Ni kweli?

Ni kweli kwa muda, bibie, kisha inageuka. Oili chafu inalegeza bushi na hozi za raba, inadondoka kwenye breki, na mchanga unanasa chini ukakaa na chumvi yake. Maji ya samaki nayo yana chumvi, na yanaanza kula kutoka juu, kwenye kona za bodi. Kila jioni imwagie maji baridi, matundu madogo ya chini ya milango na ya bodi uyazibue kwa waya, maji yatoke. Mara moja kwa mwaka, kabla ya masika, ikiwa kavu kabisa, ipulizie nta ya chini ya gari. Bodi ya nyuma itandike karatasi nene ya nailoni au sanduku la plastiki, isikutane na barafu.

Nasaha yako ya thamostati sijaielewa. Mwezi uliopita ulisema isitolewe. Fundi wangu hapa Fuoni ameitoa na gari haichemki tena. Nani mkweli?

Nyote wawili. Thamostati ni kile kizibo kinachofungua njia ya maji ya injini yakipata moto; iliyoganda ikiwa imefunga inachemsha gari, ukiitoa inapoa, hilo fundi wako kaliona kwa macho yake. Lakini sasa injini yako inatembea baridi asubuhi yote, mafuta yanaliwa zaidi na oili inakusanya unyevu. Nunua mpya. Kabla ya kuifunga, ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni, isiguse kitako. Maji yakikaribia kuchemka utaiona inafunguka taratibu kama chaza, yakipoa inafunga. Ikikataa kufunguka, irudishe dukani ikiwa bado imelowa.